Meno ya juu yakitoka nje: kila umri iko na kazi yake

Kule shule watoto hawana huruma. Mutoto mwenyi meno ya juu yaliyotoka nje anapewa jina siku ya kwanza ya masomo, na jina hilo linamufuata mupaka sekondari. Anazoea kucheka na mukono kwenyi mudomo. Mwalimu akimuita kusoma mbele ya wengine, anainamisha kichwa.

Nyumbani nako kila mutu ako na neno lake. Bibi anasema ni ya ukoo, hata babu alikuwa hivyo. Jirani anasema ang'olewe meno mawili, mambo yaishe. Mwingine anasema muache tu, yatajirudisha yenyewe akikuwa mukubwa. Wazazi wanabaki katikati, na miaka inapita.

Katika makala hii tunawaeleza, wasomaji na wasikilizaji wetu wa Luvungi, wa bonde la Ruzizi na wa majimbo yote ya mashariki, shida hii ni nini, inatoka wapi, na inatunzwa namna gani kwa mutoto na kwa mutu mukubwa. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: mengi yanayosaidia hayaombi pesa nyingi, yanaomba kufanywa kwa wakati wake. Kuchelewa kunaharibu, na kuharakisha pia kunaharibu.

Tunasema juu ya nini hasa?

Funga meno yako ya nyuma vizuri, kisha ufungue midomo mbele ya kioo. Kwa watu wengi, meno ya juu yanapita kidogo mbele ya meno ya chini na kuyafunika kidogo. Hiyo ni kawaida, ndivyo mudomo ulivyoumbwa, sawa kifuniko cha sanduku kinavyopita ukingo wake.

Wanganga wa meno wanapima mambo mawili. La kwanza ni meno ya juu yanafunika ya chini kwa urefu gani, kutoka juu kwenda chini. Kawaida ni karibu theluthi moja ya jino la chini, yaani milimita 2 mupaka 4. Yakifunika zaidi sana, meno ya chini hayaonekani tena, na wakati mwingine yanagusa nyama ya paa la kinywa.

La pili ni meno ya juu yamesogea mbele kiasi gani. Kawaida ni milimita 2 ao 3. Haya yakizidi ndiyo watu wanaita meno ya nje. Mutu anaweza kuwa na shida moja bila nyingine, ao zote mbili pamoja.

Kuna tofauti nyingine ya maana sana. Wakati mwingine ni meno tu yaliyoinama, mifupa iko sawa. Wakati mwingine meno hayana kosa, ni mufupa wa taya la chini uliobaki nyuma ao mufupi. Ukimuangalia mutoto kwa upande, unaona kidevu kimerudi ndani. Kwa macho shida hizi mbili zinafanana, lakini matunzo yake si moja. Ndiyo maana munganga mwenyi ujuzi anaomba picha ya radiografi mbele ya kusema bei.

Si kila meno ya mbele ni ugonjwa

Vitabu vingi vya meno viliandikwa kwa kupima nyuso za Wazungu. Kwetu Afrika, watu wengi wako na meno ya juu na ya chini yote yanayoinama mbele kidogo, na midomo iliyojaa. Kama meno yanakutana vizuri, midomo inafunga bila nguvu, na mutu anatafuna muzuri, hiyo ni sura yake tu. Hakuna cha kutibu. Mwanya katikati ya meno mawili ya mbele nao, watu wengi wanauona ni urembo, na peke yake haudhuru.

Tena kuna kipindi kinachoogopesha wazazi bure. Kati ya miaka 7 na 11, meno mawili makubwa ya juu yanatoka yakiwa yameachana, yameinama kando, yanaonekana makubwa kupita uso wa mutoto. Mara nyingi hali hiyo inapungua yenyewe wakati meno ya pembeni yenyi ncha yanashuka, karibu miaka 11 ao 12. Aliyeng'oa ao kufunga meno hayo kwa haraka anaweza kuwa ameharibu kitu kilichokuwa kinajipanga.

Na mutoto wako hayuko peke yake. Mwaka 2009 watafiti walitangaza matokeo ya watoto 1601 wa shule za musingi za Dar es Salaam, wa miaka 12 mupaka 14: karibu 64 kwa 100 walikuwa na angalau kasoro moja ya mupangilio wa meno. Wengi wao hawakuwa na shida kubwa.

Kwa kujua kama wako anahitaji kuonwa, chukua lati ya shule, ile rula yenyi milimita. Aume meno ya nyuma, na wewe upime kutoka uso wa jino la mbele la chini mupaka ncha ya mbele ya jino la juu. Ikipita milimita 5 ao 6, ao midomo haifungi bila kukaza, ao meno ya chini yanamuumiza juu kinywani, mupeleke.

Inatoka wapi?

Bibi anayesema ni ya ukoo hadanganyi. Umbo la taya na ukubwa wa meno vinarithiwa. Mutoto anaweza kuchukua taya ndogo ya mama na meno makubwa ya baba, nafasi ikakosa. Hakuna uchawi hapo, na si juu mama aliangalia kitu fulani wakati wa mimba.

Lakini ukoo si mambo yote. Kuna mazoea yanayoongeza shida, na hayo ndiyo muzazi anaweza kushika.

Kunyonya kidole. Kidole gumba kinasukuma meno ya juu kwenda nje na ya chini kwenda ndani, usiku kucha. Watoto wengi wanaacha wenyewe kati ya miaka 2 na 4, na wakiacha mapema, meno mara nyingi yanajirudisha. Mutoto akiendelea wakati meno ya ukubwa yanatoka, karibu miaka 6, hapo umbo linabaki. Tetini ya biberoni ya kunyonya siku nzima inafanya vilevile.

Kupumua kwa mudomo. Mutoto anayelala kinywa wazi na kukoroma kila usiku anaweza kuwa na tonsili kubwa ao pua iliyoziba. Ulimi unakaa chini, mashavu yanabana taya la juu, nalo linakuwa jembamba. Hapo matunzo yanaanza kwenyi pua na koo, meno yanafuata.

Kupoteza meno ya utoto mbele ya wakati. Tunasikia mara nyingi: ni meno ya maziwa tu, yataanguka. Lakini kila jino la utoto linalinda nafasi ya jino litakalokuja. Likioza na kung'olewa miaka mitatu mbele ya wakati, ya kando yanaingia kwenyi nafasi yake, na jino la ukubwa linakosa njia. Watoto wa bonde letu wanatafuna miwa, wanakunywa chai ya sukari asubuhi na bonboni mchana. Kupiga mswaki mara mbili kwa siku na dawa yenyi floridi, moja ikiwa mbele ya kulala, ni kazi ya kwanza ya kulinda mupangilio.

Na kuna jambo ambalo linaumiza kulisema: kuchimba vijino vya watoto wachanga. Uganda wanaita ebinyo, Tanzania wanaita meno ya plastiki ao ya nailoni. Mutoto wa miezi michache anakuwa na homa na kuhara, ufizi wake umevimba mahali jino lenyi ncha litatokea, na mutu wa kijiji anasema hayo meno mabaya ndiyo yanaleta ugonjwa. Anayachimba na kisu, ao sindano, ao sipoki ya kinga. Kile anachokitoa ni mbegu ya jino la kawaida ambalo halijakomaa. Homa na kuhara vinatoka kwenyi vidudu, malaria ao maji machafu, na vinabaki bila kutunzwa. Mutoto anaweza kufa na damu, na pepopunda ao na sumu ya damu. Anayepona anaweza kukosa jino, ao jino la ukubwa linatoka limepinda. Meno ya chini yenyi ncha yakikosekana, meno ya mbele ya chini yanainama ndani, na ya juu yanazidi kuyafunika. Mutu akikuambia mutoto wako ako na meno hayo, mupeleke kituo cha afya siku ileile kwa sababu ya homa, na ufizi muuache.

Kwa nini tusiseme ni urembo tu?

Kwanza, meno yanayotoka nje ndiyo yanafika chini ya kwanza mutoto akianguka. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba mutoto ambaye meno yake ya juu yamesogea mbele kupita milimita 3 ako katika hatari karibu mara mbili ya kuumia meno ya mbele kuliko wengine. Kwetu watoto wanacheza mupira kwenyi mawe, wanapanda pikipiki watatu. Jino la mbele likivunjika kwa miaka 9, ni la maisha.

Kwa hiyo kila muzazi ashike hili. Jino la ukubwa liking'oka lote, litafute, lishike upande wa juu unaoonekana kinywani, usiguse muzizi. Kama ni chafu, lioshe kidogo tu kwa maji safi, usilisugue. Lirudishe mara moja kwenyi shimo lake na mutoto aume kitambaa safi. Ukishindwa, liweke kwenyi maziwa, usiliache likauke, na ukimbie kwa munganga wa meno. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenyi matumaini zaidi. Kisha saa moja nafasi inapungua sana. Jino la utoto lenyewe halirudishwi.

Pili, meno ya chini yanayopiga paa la kinywa yanaleta vidonda, na kwa miaka mingi yanakula ufizi nyuma ya meno ya juu. Tatu, meno yaliyosongamana yanashika chakula na kuoza upesi. Na moyo wa mutoto pia ni afya. Anayekataa kusema darasani juu ya meno yake anapoteza kitu ambacho cheti hakionyeshi.

Kila umri na kazi yake

Mbele ya miaka 6 hakuna chuma cha kufunga. Kazi ni kunyonyesha, kuachisha kidole na kulinda meno ya utoto. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mutoto apewe ziwa peke yake miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula mupaka miaka 2 ao zaidi. Na kunyonya ziwa kunasaidia taya kukomaa. Kwa kidole, wengi wetu tunapaka pilipili. Pilipili inaingia machoni, na mutoto mwenyi woga ananyonya zaidi. Inafaa kumusifu siku asiponyonya, kumupa kitu cha kushika wakati wa kulala, na kumuvalisha soksi mukononi usiku kama mwenyewe anakubali. Kumutukana mbele ya wageni hakumusaidii.

Karibu miaka 7, aonwe mara moja. Chama cha wanganga wa kunyoosha meno cha Marekani kinashauri umri huo juu meno ya kwanza ya ukubwa yametoka na mukunjo wa taya unaonekana. Kuonwa si kufungwa vyuma. Kwa wengi jibu ni kungoja na kurudi. Kuanza mapema kunafaa zaidi kwa yule ambaye meno yamesogea mbele sana na anaweza kuyavunja. Kwa wengine, kungoja mupaka ujana kunaleta matokeo yaleyale kwa safari chache.

Kati ya miaka 10 na 14 ndiyo wakati wa zahabu kwa taya la chini lililobaki nyuma. Mwili unakomaa haraka, wasichana mbele ya wavulana. Munganga anaweza kutumia kifaa cha kuvaa na kuvua kinachofanya mutoto aume taya likiwa mbele. Kinavaliwa saa nyingi kila siku, karibu mwaka mumoja. Kikibaki kwenyi kabati, hakifanyi kitu. Mara nyingi kinafuatwa na bage, vile vipande vidogo vinavyobandikwa kwenyi kila jino na kuunganishwa na waya. Waya inasukuma polepole. Mufupa unayeyuka upande mumoja wa muzizi na kujijenga upande mwingine. Ndiyo maana haiwezekani kufanya kwa wiki mbili. Kwa kawaida ni mwaka mumoja na nusu mupaka miaka miwili, wakati mwingine zaidi. Bage zikitoka, kazi haijaisha: meno yanapenda kurudi yalikotoka, kwa hiyo kunavaliwa kifaa cha kuyashika, kwanza kila siku, kisha usiku, kwa miaka mingi.

Mutu mukubwa je?

Wengi wanadhani kisha miaka 20 mulango umefungwa. Hapana. Meno yanaweza kusogezwa hata kwa mutu wa miaka 50, kama ufizi na mufupa viko na afya. Kinachokuwa kimepita ni kukomaa kwa taya. Shida ikiwa ya mufupa na ni kubwa, munganga anaweza kung'oa meno mawili ya kando juu na kurudisha ya mbele nyuma, ao, kwa hali nzito, upasuaji wa taya unafanywa pamoja na bage. Upasuaji huo unaomba hospitali kubwa na timu kamili.

Lakini kuna mutu mukubwa ambaye meno yake yalikuwa sawa, na sasa anaona yanatoka nje na kuachana. Huyo asitafute bage kwanza. Mara nyingi ni ugonjwa wa ufizi: damu wakati wa kupiga mswaki, harufu, meno yanayotikisika. Ugonjwa wa sukari unauzidisha. Sababu nyingine ni kung'olewa meno ya nyuma moja kisha lingine. Kazi yote ya kutafuna inahamia mbele, na meno ya juu yanafunguka sawa vidole. Matunzo yake ni kusafishwa ufizi na kurudishiwa meno ya nyuma. Kumufunga bage mutu mwenyi ufizi mugonjwa ni kumuharakishia meno kuanguka.

Mambo ya kukataa

Usikubali meno ya mbele ya ukubwa yang'olewe kwa sababu tu yametoka nje. Ya kando hayatakuja kujaza pengo vizuri, na mufupa utapungua.

Usifunge meno na uzi ao kaucho. Kaucho inateleza chini ya ufizi bila kuonekana, inapanda muzizi, na jino zima linaanguka.

Kataa bage za urembo zinazouzwa bila munganga. Kule Thailand zilikatazwa juu zilidhuru vijana. Waya iliyofungwa na mutu asiyejua inasukuma meno bila mwelekeo.

Na kumusukuma mutoto meno na kidole kila asubuhi hakufanyi kitu. Kunamukumbusha tu kwamba hamupendi sura yake.

Kutoka Luvungi: hesabu ya njia mbele ya hesabu ya bage

Anza na kituo cha afya ao hospitali generali ya karibu. Uliza kama kuna munganga wa meno, ao siku gani anakuja. Yeye anaweza kutunza meno yaliyooza, kusafisha ufizi na kukuambia kama kuna haja ya kwenda mbele. Kunyoosha meno ni ujuzi mwingine, na mwenyi kung'oa vizuri si lazima anyooshe vizuri. Wenyi ujuzi huo ni wachache, na wanapatikana zaidi katika miji mikubwa. Kinshasa kuna kitivo cha meno cha Chuo Kikuu, na Chuo Kikuu cha Rwanda nacho kinafundisha wanganga wa meno.

Mbele ya kulipa chochote, uliza haya matano: Shida ni ya meno ao ya mufupa? Ukingoja mwaka mumoja, nini kitaharibika? Matunzo yatachukua muda gani, na bei yote pamoja na kifaa cha mwisho ni ngapi? Nitarudi mara ngapi? Bage ikivunjika nikiwa mbali, nifanye nini?

Swali la nne ndilo linawaangusha watu wa kwetu. Bage zinaomba kurudi karibu kila wiki 4 mupaka 8. Kwa mwenyi kutoka Luvungi kwenda Bukavu kupitia Kamanyola na milima ya Ngomo, ao kushuka Uvira, tiketi za miaka miwili zinaweza kuwa mzigo sawa na bei ya bage zenyewe. Na njia zetu hazikai wazi kila wakati. Bage zilizobaki kinywani miaka bila kuangaliwa zinashika uchafu, na meno yanaoza chini yake. Kama hesabu haitoshi, ni afadhali kungoja kuliko kuanza na kuacha katikati. Meno ya nje yaliyo safi na mazima ni mali. Meno yaliyonyooka na kuoza ni hasara.

Kama tayari ako nazo na vita ao umasikini umemutenga na munganga wake, asizing'oe na pense. Apige mswaki kisha kila chakula, aache bonboni na vitu vigumu. Waya ikichoma shavu, aisukume polepole na upande wa gomu ya krayo iliyooshwa. Kisha atafute munganga yeyote wa meno wa kuzitoa ao kuziendeleza.

Kwa walimu, ombi letu ni dogo: jina la meno lisitamkwe darasani. Matunzo yanaweza kungoja hesabu ya muzazi, lakini kukomesha jina hilo hakuna bei, na kunaweza kuanza kesho asubuhi.